Filbert Hataki Kukaa Nyuma

Kahawa ya jioni pale kona ya Mtaa wa Sikukuu hainywewi kimya, na mkesha ule wa Sabasaba kelele zote zilimwangukia Filbert. Kijana huyu hubeba samaki kutoka soko la Feri kwa baiskeli ya kukodi ya Rajabu Spoki, fundi wetu. Kesho yake angeingia mashindano ya baiskeli kwa mara ya kwanza, Mnazi Mmoja mpaka Pugu na kurudi, na zawadi ni baiskeli mpya. Aipate, aachane na kukodi. Tulimpenda sana, ndiyo maana kila mtu alitaka kumfundisha, ingawa wote benchini tulikuwa na vitambi.

— Usiongoze mapema, — alianza Bakili Redio. — Tafuta mwenye mabega mapana, jibanze nyuma yake. Yeye akate upepo, wewe ule bure. Mkikaribia mwisho, chomoka!

— Mimi nikae nyuma ya mtu? — Filbert aling'aka. — Si samaki wataoza!

— Kesho hubebi samaki, bwana!

— Miguu haijui hilo.

— Utakaa nyuma, — alisema Rajabu. — Tena karibu kabisa, magurudumu yanusane.

— Na mgongoni ujipake mafuta ya papa, — Bakili akaongeza, — anayekufuata akose pumzi.

Na mimi sikukubali kupitwa.

— Mkifika Gongo la Mboto, mwambie wa mbele gurudumu lake linapwaya. Atashuka alitazame.

— Porojo hizo! — Rajabu alitoa vyuma mfukoni. — Dawa ni kupunguza uzito. Nimeshatoa kengele, keria, madigadi. Leo nimetoa na breki. Breki kazi yake kukuchelewesha tu.

Tukampigia makofi. Breki zikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akizipima uzito na kutikisa kichwa kwa heshima.

Agnesi, mkaanga samaki anayemngoja Filbert kila asubuhi, alikuwa akipita na karai lake. Alikuwa hajawahi kusimama kijiweni kwetu. Siku hiyo alisimama.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimewasikia. Kaka Filbert atakuwa nyuma ya mtu, karibu kabisa, hana breki. Sasa huyo wa mbele akipunguza mwendo?

Bakili alichungulia kikombe chake. Mimi nilikohoa. Filbert alimtazama Rajabu, Rajabu akaitazama baiskeli, na kwa mara ya kwanza jioni ile nilimwonea huruma yule kijana.

— Nani anazo breki? — Rajabu aliuliza taratibu, akifungua sanduku lake la spana.

Zilikuwa kwangu. Nikamrudishia, kisha tukasogea, Agnesi akapata pa kukaa.