Dada Levina na Tangazo la Sindano

Tarehe 30 Aprili 2026, Dada Levina Remigius anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu hapa Redio Bonde, Ifakara. Alianzia mapokezi, akiandikisha matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea, hadi akakabidhiwa kipindi cha afya cha Jumamosi. Alichelewa mara moja tu, siku ya mafuriko, akaingia studio pekupeku na kusoma habari hivyohivyo.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya dakika mbili. Kila masika wanawake wa bonde huhamia mashambani kupalilia mpunga na kuamia ndege, na huko tarehe husahaulika. Sindano ya uzazi wa mpango haisubiri mavuno. Miezi mitatu ikitimia, irudiwe. Levina akaanza kusoma zamu: waliochomwa wiki fulani, wiki hii warudi zahanati. Hakutaja jina la mtu. Alieleza pia kwamba hedhi ikikatika kwa sababu ya sindano, damu haigandi tumboni, na anayetokwa damu mfululizo asikae nayo kwa aibu.

Mzee Ignas wa kijiji cha Mbingu alipanda pikipiki kuja kulalamika kwamba redio inampangia mke wake. Levina alimpa shikamoo na kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Masika yaliyofuata mzee alirudi kulalamika kwamba tangazo linasomwa haraka mno, hawahi kuandika.

Sasa niseme linaloniuma. Mwaka 2019 uongozi wetu uliliondoa tangazo hilo kwa sababu mdhamini alisema hedhi inawakera wasikilizaji wakati wa chai. Asubuhi hizohizo tulirusha mara nne tangazo la dawa ya nguvu za kiume, na chai ikanyweka. Stumai wa Mlimba, aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji miezi saba kabla ya hapo, akapitisha tarehe akiwa shambani, akashika mimba. Alikuja kumwomba Levina radhi, akidhani tangazo lilisomwa naye hakusikia. Levina alimwambia ukweli, kisha Jumamosi iliyofuata akalisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Akapewa barua ya onyo, lakini tangazo likabaki hewani. Aibu ile ni yetu, si yake.

Na bado hatujajifunza. Ratiba mpya imeweka uchambuzi wa mpira kwenye dakika zake mbili, na kikaoni tuliambiwa wanawake watafute taarifa mtandaoni. Mtandao upi, huko ambako simu inashika hadi upande kichuguu?

Dada Levina, asante kwa kutufundisha kutamka hedhi kwa sauti ileile tunayotamkia bei ya mpunga. Nenda Katindiuka ukapumzike, ulale mchana bila kuulizwa, na afya iwe nawe. Jumamosi ya tarehe 2 Mei ni zamu ya waliochomwa wiki ya kwanza ya Februari. Wako mashambani, wanasubiri kusikia. Tangazo nitalisoma mimi, Agnetha.