Jiwe la Burgl, Hatua Thelathini Chini ya Msalaba

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, msogee karibu na redio. Burgl wetu ametutoka. Notburga Obkircher, ambaye sote tulimwita Burgl, mpakaji wa alama za njia ya mlima Kaltenkopf, amefariki Jumanne asubuhi. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Karibu hamsini kati ya hiyo aliimalizia mlimani, kopo la rangi mkononi.

Nani hapa bondeni hajashuka kwa alama zake? Nyekundu, nyeupe, nyekundu. Zinaanzia kwenye misonobari, zinapita malisho ya ng'ombe, zinakata mteremko wa mawe yanayoteleza, kisha zinafuata ule mgongo mwembamba wa mlima hadi msalabani kileleni. Upande wa kaskazini, njia. Upande wa kusini, genge tupu. Mnalijua.

Mwaka 1968 hapakuwa na alama hata moja. Burgl alipanda na mumewe, Kassian. Binti yao mdogo, Zenzi, walimwacha kwa bibi yake. Hatua thelathini chini ya msalaba, Burgl akakaa kwenye jiwe. Kiatu kilimchubua kisigino.

"Yaani umefika mlangoni unagoma kuingia?" Kassian akamtania.

"Si mimi, ni kisigino. Nenda kaushike msalaba wako."

"Haya, ngoja hapa. Na usinimalizie mkate!"

Ukungu ukapanda ghafla. Burgl aliita mpaka sauti ikamkauka. Kassian alikuwa ameshukia kusini, gengeni.

Kiangazi kilichofuata, Burgl alinunua rangi. Alianza na jiwe lile lile, na kila alama aliipaka upande wa juu wa jiwe, ili aione anayeshuka. Anayeshuka, wasikilizaji, si anayepanda! Mkaguzi mmoja wa chama cha wapanda milima akapanda hadi kwake, jasho linamtiririka.

"Mama Obkircher, alama zako zimegeukia kileleni. Anayepanda haoni kitu."

"Anayepanda akipotea anaona aibu tu. Anayeshuka akipotea, tunamzika."

"Lakini kanuni, mama..."

"Basi ilete hiyo kanuni ishuke kwenye ukungu, tuone itafika wapi."

Mkaguzi aliondoka, akaacha makopo mawili ya rangi. Tangu hapo Burgl alipaka pande zote mbili. Ila wa juu kwanza, daima.

Jana Zenzi alinikaribisha jikoni kwake, akanisimulia jambo ambalo wengi hatukulijua. Kwa miaka arobaini na mitano, kila kiangazi, mama yake alifika kwenye lile jiwe, akanyoosha mkono, akalipaka upande wa juu, akarudi. Hatua thelathini zilizobaki hakuzikanyaga.

"Nikamwambia, Mama, hiyo alama hujawahi kuiona ukiwa msalabani. Kama haionekani je? Alininunia siku tatu! 'Unanifundisha kazi, wewe?' Siku ya nne nikamkuta anafunga viatu."

Burgl alikuwa na miaka sabini na mmoja. Walipofika kwenye jiwe, ukungu ulikuwa unapita. Zenzi akataka kumshika mkono.

"Niache, usinikokote kama ng'ombe. Ngoja hapa."

Akapanda peke yake, akamezwa na ukungu. Zenzi anasema moyo ulimpasuka, maana maneno yale alikuwa anayajua: ndiyo baba yake aliyoyasema kabla hajapotea. Kisha sauti ikatoka huko juu, nyembamba, inatetemeka.

"Inaonekana! Zenzi, inaonekana!"

Alishuka taratibu, akihesabu hatua. Akaliwekea jiwe mkono, akalia kama hajawahi kulia.

"Angeiona," alisema. "Baba yako angeiona."

Pole sana Zenzi, pole na kwa wajukuu. Bonde zima linalia nanyi, na mimi nikiwemo, kwani katika ukungu wa 1987 nilishuka kwa alama hizo hizo nikiwa natambaa. Wasikilizaji wapendwa, mkiushika msalaba wa Kaltenkopf, msiharakishe kuondoka. Geukeni kwanza. Itafuteni alama ya aliyewafikiria kabla hamjapotea.

Mazishi ni kesho. Jumamosi Zenzi anapanda na kopo. Ataanza upande wa juu.