Ngisi Asiyeiva

Mbele ya duka la tumbaku la Mama Tsuyako, pale Mizushima, Japani, barabara inapokata kona kuelekea geti la kiwanda, kuna benchi lililovunjika mguu mmoja likaegeshwa kwa tofali. Benchi hilo lina wenyewe, na usije ukakaa hapo mchana ukajifanya hujui. Upande wa tofali anakaa Sumaku, mchomeleaji mstaafu ambaye chuma hakimpiti hivihivi bila kumfuata nyumbani. Katikati anakaa Profesa, aliyekuwa kinyozi, na chuo alichosoma ni kile cha kusikiliza watu wakinyolewa. Upande wa pili ni wa Bwana Katsuragi, msimamizi wa mabomba ya gesi kiwandani, ambaye mtaa mzima unamwita Kidole. Ni desturi ya kazi yao: kabla ya kusema kitu kiko tayari, unyooshe mkono, ukielekeze kidole, utamke kwa sauti. Vali, sawa! Boliti, sawa! Wenzake huiacha desturi hiyo getini wakitoka. Yeye huenda nayo mpaka nyumbani.

Mchana huo alifika akiwa na raha zake. Matengenezo ya masika yalikuwa yamekwisha, na king'ora cha saa saba kikilia, gesi ingefunguliwa. Alikuja kunywa kikombe kimoja tu kisha arudi kusimama na vijana wake. Aliiegesha baiskeli yake, akainyooshea kidole.

— Kufuli, sawa!

— Haya, kaingia, alisema Profesa. Kidole, ni kweli jana mkeo alikutengea supu ukainyooshea kidole ukasema "Supu, sawa"?

— Nani kakwambia?

— Mkeo. Anasema hukuionja. Ulisema sawa, ukaenda kulala.

— Nilikuwa nimechoka bwana!

— Mwache jamaa, alisema Mama Tsuyako akimmiminia kahawa. Afadhali anayesema supu sawa. Marehemu wangu alikuwa hasemi kitu.

Kidole akacheka, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Miguuni pao lilikuwepo jiko dogo la gesi, lile la mkebe, na juu ya jiko Sumaku alikuwa ameweka duara la chuma lenye upana wa sahani na unene wa kiganja. Juu ya duara alilala ngisi mkavu, mkubwa, aliyetumwa na shemeji yake Mama Tsuyako kutoka Hakodate. Alikuwa amejitanua kama mwenye nyumba. Moto ulikuwa unawaka chini, ngisi juu hana habari.

— Mbona haivi huyu? aliuliza Kidole.

— Ndilo tunalolijadili tangu asubuhi, alisema Sumaku. Hajikunji, hanukii, hata jasho hatoi.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Profesa kwa uzito. Wahenga walishasema. Huyu kakauka, hakunjiki tena. Mngemkunja Hakodate hukohuko.

— We Profesa, methali hiyo ni ya watoto!

— Na huyu kwani kazaliwa mzee?

Mama Tsuyako akasema kosa si la ngisi, kosa ni la mikebe ya gesi ya siku hizi. Bei ileile, moto nusu. Wanaichanganya gesi na upepo.

— Si upepo, alisema Profesa akishusha sauti. Mimi nilimnyoa mtu wa kampuni ya mikebe. Wanatia pumzi. Kuna watu wameajiriwa kule, kazi yao kupulizia mikebe. Ndiyo maana ukiwasha asubuhi moto unapiga miayo.

— Acha fiksi zako! Pumzi ya mtu iwake?

— Ya mkeo haiwaki akikasirika?

— Sina mke mimi.

— Basi huna ushahidi.

Sumaku alikuwa na nadharia yake. Alisema ngisi wa Hakodate ni wa maji ya baridi, na baridi ile imemwingia mpaka ndani ya mifupa.

— Ngisi hana mifupa, alisema Mama Tsuyako.

— Si ndiyo! Baridi imeimaliza!

Kidole alicheka mpaka kahawa ikamwagikia gotini. Alilipenda benchi hili, tuseme ukweli. Kazini kila neno lake lilipimwa, hapa hakuna aliyepima kitu.

— Haya, tumuulize mwenye chuma, alisema Profesa. Maana mimi naona uchawi uko kwenye hili duara la Sumaku. Sumaku, hili umeliiba wapi?

— Siibi mimi! Naokota. Kidole mwenyewe kanipa ruhusa. Nimelitoa kwenye kizimba cha chuma chakavu juzi. Wavu wangu wa kuchomea umeoza, nikasema hili lina vitundu vingi, litafaa.

— Kweli nilimruhusu, alisema Kidole. Hicho ni kizuia-moto.

— Eh? Kizuia nini?

Hapo walikuwa wamemgusa palepale anapopenda kuguswa. Kidole akaweka kikombe chini. Aliwaeleza kwamba gesi hupita ndani ya bomba kwenda kwenye tanuri, na moto nao una tabia mbaya, siku nyingine hugeuka ukataka kurudi nyuma kwa njia ileile, mpaka kwenye tangi. Sasa katikati ya njia kuna kasha, na ndani ya kasha kuna hilo duara: utepe mwembamba wa chuma uliofinyangwa mikunjomikunjo na kuviringishwa kama mkeka. Gesi inapenya kwenye vitundu. Moto ukija, ukijigawa humo, chuma kinaunyonya joto lote, unakufa kabla ya kutokea upande wa pili.

— Kwa hiyo chuma kimefundishwa kuzuia moto! Profesa aliruka. Miaka yote bombani kimefundishwa, leo mnakipa ngisi mnategemea nini? Kinazuia! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!

Benchi zima liliangua kicheko. Sumaku alimwambia kati ya nadharia zake zote za mwaka huo, hiyo ndiyo ya kipuuzi kuliko zote.

— Sasa sikia, alisema Kidole akifuta machozi. Ingekuwa kizima, ningekupa haki yako. Lakini hiki nimekikataa mimi mwenyewe. Kilikuwa cheusi kwa lami, sufuria la kambi halioni ndani. Halafu kuna mjuaji mmoja, zamani, badala ya kukiosha kwa dawa na mvuke, alikichokoa kwa waya. Vitundu vikatanuka. Kitundu kikitanuka hata kidogo, basi, moto unapita kama mbuzi kwenye ua uliobomoka. Nikaagiza kipya. Kipya kiko ndani ya bomba, nimekinyooshea kidole juzi: kizuia-moto, sawa!

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Profesa. Ndiyo maana mafundi ujenzi hawazibi nyufa. Watakula wapi?

— Mimi nilishangaa tu, alisema Sumaku. Nilikuja na brashi na sabuni, nikakuta hakina hata cha kuosha.

— Hukukiosha? Mama Tsuyako alishtuka. Na ngisi wangu umemlaza hapo?

— Kisafi, mama! Kinang'aa!

Kidole alisikia, lakini alikuwa anatazama saa. Ilibaki robo saa. Akakiinua kikombe amalizie.

Pikipiki nyekundu ya posta ikasimama mbele yao. Mletaji barua mpya wa mtaa ule, Rieko, alivua kofia ngumu na kumkabidhi Mama Tsuyako barua zake. Macho yake yakaangukia kwenye jiko.

— Samahanini, mnapika nini?

— Karibu dada, alisema Profesa. Tunapika subira. Ngisi haivi. Wataalamu tuko hapa, toa na wewe hoja yako.

— Na hicho chuma?

— Kizuia-moto kibovu, alisema Kidole. Moto unapita, kwa hiyo tumekitupa.

Rieko aliinama. Miali ya buluu ilikuwa inalilamba duara kutoka chini, ikisambaa na kurudi. Juu yake hapakuwa na ulimi hata mmoja wa moto.

— Sasa kama ni kibovu, aliuliza, mbona moto haupiti?

Profesa aliinama naye kuchungulia.

— Labda mkebe… alianza Sumaku.

Kidole alimsogeza ngisi pembeni kwa kijiti, akatazama. Alikuwa amekaa na lile duara miguuni tangu afike, na ndiyo kwanza analitazama. Hakuna lami. Hakuna kitundu kilichochokolewa. Ukingo ulikuwa unameta kama sarafu iliyotoka kiwandani leo. Alikumbuka masanduku mawili yanayofanana, la kizuia-moto kipya na la kibovu, sakafuni, bega kwa bega. Alikumbuka mafundi wa kukodi waliokuwa na haraka kwa sababu ya mvua. Yeye alipofika, mfuniko wa kasha la bomba ulikuwa umeshafungwa, boliti zimepigwa alama ya rangi ya njano kuonyesha zimekazwa. Alinyoosha mkono. Alielekeza kidole. Kwenye mfuniko.

— Basi kule ndani ya bomba, alisema Rieko, kuna nini?

Huenda kulikuwa na kile cheusi kilichochokolewa. Huenda hakukuwa na kitu. Kidole aliogopa. Vijana wake saa hizi walikuwa wamekaa chini ya tanuri wanakula wali wao wa mchana, wanasubiri king'ora, kwa sababu Bwana Katsuragi kasema sawa.

Alitoa simu. Ilimponyoka, Sumaku akaidaka.

— Chumba cha mitambo? Katsuragi hapa. Msifungue gesi. Ndiyo, najua saa. Ndiyo, najua nilisaini. Nasema msifungue, na vijana waondoke pale chini sasa hivi. Fungueni kasha mtazame ndani.

Upande wa pili waliuliza kitu. Kidole, bila kujijua, aliunyoosha mkono wake wa kulia kuelekea kwenye jiko, kidole mbele, kama alivyofanya maisha yake yote.

— Kizuia-moto, alisema. Si sawa. Si sawa kabisa. Kosa ni langu.

Benchi lile halikuwahi kumsikia akisema hivyo, hata kwa supu. Mama Tsuyako alimpa taulo. Kidole alimrudisha ngisi juu ya duara bila kufikiri, kisha akaona ujinga wake, akalinyakua duara kwa taulo na ngisi akadondokea kwenye jiko tupu. Akalifunga duara kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Kufuli alisahau kuifungua. Aliivuta baiskeli mara mbili kabla ya Profesa kumwonyesha, taratibu, bila mzaha. Akapanda, akakata kona.

Moto, ulipoachiwa njia, ulipanda juu mara moja. Ngisi alijikunja kama ngumi, akapasuka, akawaka ncha zote. Harufu ikajaa barabarani. Mama Tsuyako akazima jiko.

Walikaa wakisikiliza. Saa saba ikafika, ikapita. King'ora hakikulia.

— Ngisi kaiva, alisema Sumaku.

Hakuna aliyenyoosha mkono.