Dawa Nzito ya Kavutha

Kwenye benchi la Abdulrauf, muuza kahawa wa nyuma ya hospitali moja huko Westlands, watu hukaa kwanza, shida zao hufuata. Alasiri hiyo Kitavi, dereva wa teksi, alijibwaga pale kama gunia. Hakuwa amelala tangu jana. Mkewe Kavutha alikuwa amepasuliwa, mtoto akatoka salama, lakini Kitavi alipomwacha wodini, miguu ya mkewe ilikuwa bado imekufa ganzi. Kurudi kuitazama, Kitavi aliogopa.

— Walimdunga sindano ya ganzi kwa mgongo akiwa amelalia ubavu wa kushoto, — alisema. — Ganzi ikashika kushoto tu. Kulia akifinywa, anasikia.

— Mbona upande mmoja? — Abdulrauf akauliza, akimmiminia.

— Ati hiyo dawa iko na sukari, ni nzito kushinda maji ya uti wa mgongo. Inazama kwa upande wa chini. Wakamgeuza haraka, wakangoja, ndiyo kulia ikashika.

Mwololo, bawabu wanayemwita Injinia, akatikisa kichwa.

— Buda, kama inazama, akikaa si itashuka yote kwa miguu? Huko itatoka aje?

— Na akilala bila mto inapanda kichwa, — akadakia Maina Redio, muuza magazeti. — Atasahau hata jina yako.

— Basi wamning'inize kama shati, — Injinia akasema. — Ikauke.

Hakuna aliyecheka. Kitavi alijua ni upuzi, lakini uchovu ulikuwa umemwachia masikio wazi, na kila neno likaingia.

— Daktari alisema itaisha yenyewe, — alinong'ona.

— Wote husema hivyo, — Redio akamjibu.

Mwanamke mmoja aliyesimama kando akingoja kahawa yake akageuka.

— Na mgonjwa mwenyewe anasemaje?

Kitavi akaweka kikombe chake chini, kikiwa bado kimejaa, akaondoka.

Wodini alimkuta Kavutha na mtoto kifuani, vidole vya miguu vikichezacheza chini ya shuka.

— Miguu imerudi?

— Kitambo. Saa hii kidonda ndiyo inaniua. Ulikuwa wapi?

Kitavi akavuta kiti, akamfinya mguu wa kulia taratibu.

— Unasikia?

— Nasikia, Kitavi. Shika mtoto basi, nilale.