Zablon Wepukhulu na Msichana Asiyegeuka

Marehemu Zablon Wepukhulu alizaliwa tarehe 14 Machi 1914 karibu na Kimilili, mwana wa pili wa Mzee Kituyi na Mama Nanzala. Angali mdogo, baba yake alipata kazi ya kuendesha magari ya ng'ombe katika shamba la mzungu huko Kiplombe, na jamaa yote ikahamia huku Sisibo, mji wetu huu.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1923 hadi darasa la nne. Hesabu zilimpiga chenga, lakini hakuna ubao uliomwona akipita bila kuuchora. Mwalimu alimchapa kwa kumchora akisinzia, kisha akaomba apewe ile picha.

Mwaka 1931 aliajiriwa kufagia katika duka dogo la kupiga chapa hapa mjini. Rafiki yake Kiprono, aliyepanga herufi, ndiye aliyemwonyesha kuchonga picha kwenye kibao cha mti. Januari 1946, katika gazeti la kila mwezi la duka hilo, ilianza hadithi yake ya picha, Shitanda na Kimeli, Wapelelezi wa Mizuka. Katika kibao cha kwanza Zablon alisahau kwamba chapa hugeuza picha, na Shitanda akatokea ameshika taa kwa mkono wa kushoto. Wasomaji wakampenda hivyo hivyo, basi akabaki mwenye mashoto maisha yake yote. Huko Cheptiret watu walimzunguka yeyote aliyejua kusoma, wakangoja kusikia Kimeli atakimbia wapi safari hii.

Wapelelezi hao hawakuwa na bunduki. Walifanya vile tunavyofanya nyumbani mtoto mchanga akilia bila kunyamaza: waliita majina ya waliokufa, moja moja, hadi mzuka ukatulia kwa jina lake. Kisha mtoto alipewa jina hilo, na mzuka ukaenda kulala. Mzee mmoja wa kanisa alimjia juu kwamba anarudisha mapepo mjini. Zablon akamjibu kwa upole, "Mzee, mimi siwaleti. Mimi nawapeleka nyumbani."

Alifunga ndoa na Nasike tarehe 3 Desemba 1938. Walijaliwa Khisa, Nelima na Namalwa. Nelima ndiye aliyekaa chini ya meza ya baba yake akiokota maranda ya mti, na ndiye aliyemwuliza kwa nini Kimeli haogi.

Mwezi wa Juni 1950 Nelima, aliyekuwa na miaka saba, alikwenda kwa shangazi yake katika kijiji cha Ziwa, akashikwa na surua. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na hapakuwa na gari lililokubali kutoka. Baba yake alimfuata huko, akambeba mgongoni kuja hospitali ya hapa mjini. Alimsimulia hadithi njiani ili asisinzie, na kabla ya kufika Kiplombe akajua kwamba anajisimulia mwenyewe. Ilikuwa tarehe 9. Hakuna mtu angeweza kufanya zaidi ya alivyofanya, na jambo hilo halikumsaidia hata kidogo.

Tangu hapo hadithi ilibadilika. Kila mwezi Shitanda na Kimeli walimfuata msichana mmoja kwenye barabara ya Ziwa. Alitembea mbele yao, mgongo tu ukionekana. Waliita majina yote waliyoyajua, naye hakugeuka. Wasomaji walichoka wakataka mzuka mwingine. Kiprono alimwambia, "Si wamwite tu kwa jina lake, ageuke? Wewe unalijua."

"Akigeuka nitampeleka wapi?" Zablon akasema. "Amekufa bila kuzaa. Kwetu jina kama hilo hapewi mtoto. Nani atalichukua?"

Kiprono alirudi kwenye herufi zake. Wazee walipoulizwa nao walitikisa kichwa kwa huruma, lakini walitikisa. Basi mtu aliyelaza mizuka ya watu wote alishindwa kumlaza mmoja wake.

Mwaka 1953 kifua kilianza kumsumbua. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na mikono ikaanza kutetemeka. Kibao chake cha mwisho kina barabara, na taa imewekwa chini. Nasike alimwuliza kama wapelelezi wamekata tamaa. "Hapana, Mama Khisa," akasema. "Wamechoka." Kisha akamwomba kwamba siku ya kumzika, jina la mtoto liitwe kwa sauti, mara moja, hata kama hakuna wa kulipokea. Alifariki asubuhi ya tarehe 22 Agosti 1954, Nasike akiwa amemshika mkono na hana lingine la kufanya.

Marehemu ameacha mama yake, Nanzala. Mjane wake, Nasike. Watoto wake, Khisa na Namalwa. Na ndugu na marafiki wengi. Ameacha pia Shitanda na Kimeli wamesimama barabarani, na hakuna kati yetu anayejua kuwachonga.

Wazee wetu waliopo hapa watuwie radhi. Hatuna mtoto wa kumpa jina hili, wala hatujui kama linasikika huko liendako. Tunaliita kwa sababu aliomba.

Nelima. Baba yako anakuja nyuma yako. Geuka, mwanangu, umngoje.

Bwana awapumzishe wote wawili.