Adélaïde Cibalonza na Boriti za Kadutu

Ninyi mliokesha nasi tangu Jumanne, na ninyi mliofika asubuhi hii kutoka Walungu na Luhwindja, familia imenituma mimi, Christophe, baba mdogo wa marehemu, niwasomee maisha yake, kwa sababu papa yake, Edouard Bagalwa, alijaribu jana kuyasoma mbele yetu, akashindwa kupita mstari wa kwanza.

Adélaïde Cibalonza alizaliwa Walungu tarehe 14 Mei 1991, mtoto wa kwanza wa Edouard, mwalimu wa shule ya msingi, na Maman Françoise Nsimire, muuzaji wa maharagwe katika soko la Kadutu, na wanaomjua Maman Françoise hawaulizi mtoto aliutoa wapi ule ubishi. Alisoma shule ya msingi hapa Kadutu kuanzia 1997 hadi 2003, akapata diploma ya serikali katika ualimu mwaka 2009, kwa alama ambazo papa yake alizitangaza mtaa mzima kabla mtoto mwenyewe hajafika nyumbani.

Mchezo wa badminton aliuanza mwaka 2002 katika salle ya parokia, ukumbi ambako Edouard aliwafundisha watoto kila Jumamosi, kwa raketi zilizoachwa na padri mmoja mgeni. Salle ile ina boriti za chini, na volant, yaani kile kipira cha manyoya, ilizigonga kila mara, ndipo Edouard akatunga sheria yake: ikigusa juu, hakuna aliyepata wala aliyekosa, unashusha raketi, unanyoosha mkono, mnarudilia, yaani mnaicheza pointi upya. Watoto wa Kadutu walikua na sheria hiyo, ikawaingia mikononi kama ishara ya msalaba.

Mwaka 2010 Adélaïde alikuwa bingwa wa Kivu ya Kusini, mwaka 2013 akaitwa katika timu ya taifa, akacheza Bujumbura, Kampala na Brazzaville, huku akifundisha michezo katika lycée moja, shule ya sekondari ya hapa mjini. Tarehe 8 Agosti 2015 alifunga ndoa takatifu na Héritier Mushagalusa wa Luhwindja, ambaye familia yake ilileta ng'ombe wa mahari bila maneno, ingawa shangazi mmoja aliuliza kama bibi harusi atasonga ugali kwa raketi, na Mungu akawajalia Charlène, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 2016, na Gloire, tarehe 3 Oktoba 2020.

Tarehe 21 Aprili 2018, mjini Lomé, Adélaïde akiwa karibu kabisa kuingia fainali, mpinzani wake alipiga volant juu sana, ikagusa kamba ya bendera, mwamuzi hakuona, na Adélaïde, badala ya kuirudisha, akashusha raketi, akanyoosha mkono, kama alivyofundishwa, volant ikaanguka miguuni pake, nayo ilikuwa pointi ya mwisho, akatolewa. Aliporudi, Kadutu walimtania kwa upendo, wakamwita Maman Turudilie, naye akacheka, na Edouard akacheka nao, lakini moyoni jambo lile lilimla, kwa kuwa sheria ilikuwa yake, akarudisha ufunguo wa salle, hakukanyaga tena mle. Alibaki kutaka jambo moja tu, binti yake arudi kwenye uwanja mkubwa, ashinde, ile pointi ifutike.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Adélaïde aliendelea, Oktoba 2024 akashinda Kinshasa, akachaguliwa kusafiri kucheza nje Machi 2025, na ndugu yangu Edouard akaanza tena kupiga mluzi asubuhi. Januari homa ikaanza, madoa meusi yakatokea mwilini, madaktari wakasema ni kansa ya damu, na Februari, kwa hali ya vita tunayoijua sote, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, matibabu tuliyotaka kuyatafuta mbali tukayatafuta hapa hapa.

Jumapili tarehe 31 Agosti, hospitalini, alimshika papa yake mkono, akamwambia: "Papa, mambo ya Lomé uache. Ile salle haikunipoteza, ndiyo ilinifikisha kule. Unasikia, papa?" Edouard alitengeneza blanketi, akatoka kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba, akidhani kesho ya kumjibu ipo, na tangu usiku ule binti yake hakuongea tena. Alituacha Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi alfajiri, akiwa na miaka thelathini na minne. Tunaambiwa kazi ya Mungu haina makosa, tunakubali, lakini inauma, ndugu zangu, inauma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana naye hadi mwisho, majirani waliotupikia, walimu wenzake na wanafunzi waliotoa damu, mapadri wetu, na wachezaji wenzake waliotuma salamu kwa kuwa njia hawakuipata.

Adélaïde, mwana wetu, papa yako amenituma nikupe jibu lako mbele ya watu hawa wote: amesikia. Sasa pumzika.