Majina mawili kwenye ripoti

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, mwanafunzi wa chuo alikuwa amepakata kibao cha saketi chenye skrini ndogo, akibishana na fundi wa maabara yao. "Mimi niliunga nyaya tu, kaka. Programu ni ya mwenzangu."

"Mwenzako tulimzika mwezi uliopita, mdogo wangu. Chipu hukumbuka hata bila umeme."

"Hii nimeitoa kwenye pakiti leo, haina kitu. Nilipoiwasha ikaniita jina ambalo yeye tu aliniita."

"Andika ripoti kwa jina lako. Marehemu hapewi maksi."

"Nitaandika majina mawili."

Fundi akachomoa betri, akaifumbata. Macho hayana pazia, nikachungulia. Basi liliposimama, skrini ya kibao ikawaka, ikaandika: Asante.